Bibi Anajibu: Mti Upi kwa Mala Yako?

Katika toleo lililopita nilijibu swali moja dogo kuhusu mala, ile tasbihi ya Kihindu yenye punje 108, na barua zikaja kutoka Urambo mpaka Ujiji. Kwa hiyo safari hii ukurasa wote nimeuachia mala. Kwa wasionifahamu: nimezaliwa hapa Tabora, nyuma ya duka la vitambaa la wazazi wangu. Nyumba yetu ni ya Kivaishnava, yaani ya wanaomwabudu Vishnu, na kutunga mala nilifundishwa na mama yangu mzazi. Yaliyo ya kwetu nitasema ni ya kwetu, kwa kuwa nyumba nyingine zina desturi zake na ninaziheshimu.

Shikamoo Bibi. Nina miaka 22, naishi Kigoma mjini. Marehemu baba alikuwa mtu wa Shiva, mama ni mtu wa Krishna, nami sijawahi kuwa na mala yangu mwenyewe. Mwezi ujao ninashuka Dar na ninataka kununua. Rafiki yangu anasema rudraksha ndiyo yenye nguvu kupita zote, wengine wananitajia tulsi na sandali. Nichukue ipi? Na je, nikiipaka mawese haitakauka?
*Kijana wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba mjukuu wangu. Umeanzia dukani, na mimi ninakuomba uanzie kinywani. Ni jina gani la Mungu utakalolitaja kila asubuhi? Ukishalijua hilo, mti wenyewe utajulikana.

Anayemtaja Vishnu, Rama au Krishna hushika tulsi. Huu ni mmea wa ukoo mmoja na mrehani, tunaupanda uani na kuuwashia taa jioni. Punje zake hukatwa kwenye shina lililokwisha kukauka. Kwetu hakuna mtu anayeng'oa tulsi hai ili apate mala. Anayemtaja Shiva hushika rudraksha, ambayo kwa kweli si mti bali ni kokwa la tunda la mti mrefu unaoota Nepal, India na Indonesia. Kokwa hilo lina mistari inayoshuka toka juu hadi chini, na lenye mistari mitano ndilo linalopatikana kwa wingi, kwa hiyo asikutoze mtu bei ya ajabu kwa hilo. Sandali nyekundu hupendwa na wanaomwomba Mama Durga na Ganesha. Sandali nyeupe inapokewa karibu kila nyumba, na kwa mtoto wa nyumba mbili kama wewe ni chaguo zuri sana.

Lakini nikuulize. Ukiamka usiku umeshtuka, mdomo wako unasema nini? Kama ni "Om Namah Shivaya" uliyoisikia kwa baba, nunua rudraksha na mama hatakasirika. Kama ni jina la Krishna, nunua tulsi. Kuhusu hiyo nguvu anayoisema rafiki yako, katika kitabu chetu kitakatifu, Bhagavad Gita, sura ya 10, aya ya 25, Krishna anasema kwamba miongoni mwa sadaka zote yeye ndiye japa, yaani kule kulirudia jina. Hapo hakutaja mti wowote wa mala. Inaniuma kuona vijana wanauziwa punje moja kwa pesa ya kodi ya chumba kwa kuahidiwa biashara na ndoa.

Ukifika Kisutu, kwenye mtaa wa mahekalu, usinunue mala iliyofungwa kwenye nailoni. Omba uishike. Iweke juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, uvute punje kwa kidole gumba. Gumba likiruka punje, hizo ni ndogo mno kwako. Milimita 8 huwafaa wengi, na wazee wenye vidole vigumu huwatungia za milimita 10. Kisha hesabu. Nimekwisha kuletewa mala za dukani zenye 105 na zenye 111.

Tulsi halisi ni nyepesi mkononi, rangi yake ni ya majani makavu kuelekea hudhurungi, na punje hazifanani kama pacha. Lowesha kitambaa cheupe uzisugue. Kikitoka na rangi, umeuziwa mti mwingine uliotiwa rangi. Sandali inayonukia mpaka barabarani imepakwa manukato, na baada ya wiki chache itabaki kuwa kijiti tu. Ya kweli hunukia taratibu, na zaidi ikipata joto la kiganja. Ukitajiwa msandali wa porini kwetu, uulize karatasi zake za kibali. Ule wa Afrika Mashariki ni mti mwingine na ule wa India, umekatwa kupita kiasi, na tangu 2013 biashara yake ya kuvuka mipaka imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Mawese hapana, mwanangu. Yaache kwenye maharage. Yatatia rangi uzi, yatanata, na sisimizi watakuja. Tone moja la mafuta ya nazi kwenye kitambaa, mara mbili au tatu kwa mwaka, linatosha. Mala inayoshikwa kila siku hupata mafuta yake kwenye vidole vyako.

Mama, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala hapa Tabora, nakereza miguu ya meza na vitanda. Mteja wangu Mhindu amenipa mbao za mninga za kabati la zamani la kwao, anataka nimtolee mala. Sijawahi kuifanya kazi hii. Nitoe punje ngapi, na za ukubwa gani? Zikiwa mia moja si zinatosha? Na vanishi ipi inafaa?
*Fundi, Tabora*

Nzuri, fundi wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana nimetamani siku nyingi kuona kazi hii ikifanywa na mikono ya hapa hapa.

Mia hazitoshi. Zinatakiwa 108, na moja ya ziada iliyo kubwa kuliko wenzake, inayoitwa Meru. Wazee wetu hugawa njia ya mwezi angani katika vituo 27, kila kituo robo nne, na 27 mara 4 ni 108. Wengine huhesabu nyota 12 za mwaka mara sayari 9, na jawabu ni hilo hilo. Mimi ninaipenda zaidi sababu ya mama yangu: unahesabiwa mia, na zile nane zinafidia majina yaliyokuponyoka wakati akili ilipokuwa sokoni. Kata 120 kabisa. Nyingine zitapasuka wakati wa kutoboa, na mteja apewe tatu nne za akiba.

Nikueleze inavyotumika ili ujue unachokitengeneza. Mtu hukaa, mala iko mkono wa kulia, imelala juu ya kidole cha kati au cha pete. Gumba huvuta punje moja kuelekea kwake kila jina linapotajwa. Kidole cha shahada hakiigusi. Ndicho kidole cha kunyooshea watu na kuamrisha, kwa hiyo hukaa pembeni. Akifika kwenye Meru haivuki. Anaigeuza mala na kurudi alikotoka. Kwa hiyo Meru lazima itambulike kwa kuguswa tu, hata gizani, na punje nyingine zote lazima zipite chini ya gumba bila kukwaruza. Wengi pia huificha mala ndani ya mfuko wa kitambaa uitwao gomukhi, na huko ndani macho hayasaidii kitu.

Sasa mninga. Vitabu vya India haviutaji, kwa sababu si mti wa huko. Lakini ile sandali nyekundu ya kusini mwa India, Pterocarpus santalinus, ni ndugu wa mninga wetu, Pterocarpus angolensis. Jina la kwanza ni moja, ukoo ni mmoja. Kwa maoni yangu mteja wako amechagua vizuri. Ni mbao za nyumba yao, zimekauka miaka mingi, na mninga mkavu hauchezi sana kati ya masika na kiangazi chetu cha Tabora. Tumia moyo wa mti peke yake. Ule ukanda mweupe wa nje utupe, hualika wadudu. Na uzibe pua na mdomo unapopiga msasa, vumbi la mninga linabana kifua. Kama ungeniuliza mpingo, ningekwambia ni mzuri kwa macho ila ni mzito. Punje 108 za mpingo zinachosha mkono wa mzee.

Kata vijiti vya milimita 10, uvitoboe kwanza, ndipo uvikereze vifike milimita 8. Ukikereza kwanza, tundu litakwenda upande na punje itayumba kwenye uzi. Tundu liwe milimita 2. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka, nami nakusihi usilipite: midomo ya tundu. Kingo zake zikibaki kali zitakata uzi usiku na mchana, na mala itakatika ndani ya mwaka. Chukua drili yenye ncha kubwa kidogo, izungushe kwa mkono kwenye kila mdomo, pande zote mbili, kisha pitisha uzi mgumu wenye unga wa msasa. Ndiyo, ni mara 218 ukihesabu na Meru. Hapo ndipo kazi nzuri inapojulikana.

Vanishi usipake kabisa. Jasho huilainisha, ikaanza kunata, mwisho inabanduka kama ngozi ya nyoka. Piga msasa laini mpaka mti ung'ae wenyewe, kisha nta kidogo ya nyuki, ambayo Tabora hatuitafuti mbali. Muulize mteja kwanza. Asali ni moja ya vitu vitano vya panchamrita tunayomtolea Mungu, pamoja na maziwa, mtindi, samli na sukari, kwa hiyo nyumba nyingi za Kihindu hazina neno na nta. Akiwa Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Jaini, atakataa, naye mpakie mafuta ya nazi. Usitumie gundi ya ngozi wala ya mifupa, na kama mashine yako ilikereza pembe, isafishe kabla ya kuanza.

Uzi uwe wa pamba uliosokotwa, si nailoni, maana fundo la nailoni huteleza. Kati ya punje na punje pigwe fundo, ili mtu asikie mwisho wa jina moja na mwanzo wa jingine. Chukua mita tatu, afadhali ubaki. Usikaze. Karibu na Meru acha nafasi ya nusu punje, la sivyo mvua zikianza Novemba uzi utavuta unyevu, mala itakuwa ngumu kama kamba ya kuanikia, na vidole havitapita.

Bibi, mala yangu ya tulsi imekatika nikiwa katikati ya sala. Jirani anasema ni mkosi.
*Mama wa watoto wawili, Kigoma*

Ni uzi umechakaa, mwanangu. Okota punje, zihesabu, zitunge upya, umalizie ulipoishia. Kama nyingine zimelika mpaka matundu yamepanuka, zizike kwenye chungu cha tulsi. Wapo wanaozipeleka kwenye maji yanayotembea, na huko kwenu kuna Ziwa Tanganyika. Ukichagua hivyo, toa uzi wa nailoni na shada la plastiki kwanza. Ziwani ziingie punje za mti peke yake.

Shikamoo Mama. Mala ya mama mkwe wangu niliihifadhi ndani ya boksi la mbao, stoo, karibu na magunia ya mahindi na makopa. Juzi nimeifungua nikakuta vumbi kama unga na punje zina vitobo. Ninaogopa kuitupa. Nimwagie dawa ya mahindi?
*Mkwe, Urambo*

Marahaba mama. Dawa ya mahindi usimwagie hata kidogo! Hiyo ni sumu, na mala hushikwa kwa vidole vinavyokwenda mdomoni, tena wengi huibusu kabla ya kuanza.

Mala ikikaa karibu na mahindi na makopa mkoani kwetu, wa kwanza kumshuku ni dumuzi, yule wengine humwita Scania. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na barani Afrika alianza kuonekana hapa hapa mkoa wa Tabora, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Watu wanamjua kwa kula ghala, lakini jamaa zake ni watoboa mbao na yeye mwenyewe anatoboa mti mkavu bila shida. Tulsi ni mti laini. Kwake ni chakula tayari.

Fanya hivi. Tia mala kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga barabara. Omba nafasi kwenye friza ya jirani au ya duka la vinywaji, friza inayogandisha kweli, uiache wiki mbili. Baridi hiyo inaua mdudu mkubwa, funza na yai. Mwambie mwenye friza kwamba ni kitu cha ibada, asije akaweka samaki juu yake. Omba kona, weka ndani ya kopo. Ukiitoa, usifungue mfuko siku hiyo hiyo. Acha ipate joto la chumba kwanza, la sivyo mti utalowa kwa ule umande. Kisha kata uzi, kung'uta kila punje, piga mswaki mkavu, tunga upya. Punje iliyobaki ganda tupu iwekee nyingine ya tulsi. Hata zikibadilishwa kumi, mala bado ni ya mama mkwe.

Na isirudi stoo. Kwangu mala zinakaa kwenye rafu ya sala, ndani ya mfuko wa pamba unaopumua, na kila mwezi nazitoa. Lakini kinga kubwa ni kuitumia. Mala aliyoiacha mama mkwe wako inaweza kushikwa na wewe au na mwanao, desturi nyingi zinaruhusu. Kama ninyi mna guru, yaani mwalimu wa kiroho, muulizeni yeye.

Naweza kuivaa shingoni mala ninayohesabia?
*Mwanafunzi, Tabora*

Kwetu hapana. Ya kuhesabia ni ya kuhesabia, haivaliwi wala haionyeshwi, na mtu mwingine haiazimi. Ya shingoni, ile ya punje ndogo tunayoiita kanthi, huivui hata ukioga. Nunua zote mbili, tulsi si ghali. Na mzunguko mmoja kwa siku unatosha kwa anayeanza. Wafuasi wa ISKCON, yaani wale wa Hare Krishna, waliokula kiapo huzungusha 16, lakini kiapo ni jambo la kukaa na mwalimu kwanza.

Bibi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, Mkristo, kazi yangu iko Kigoma. Tulimlaza bibi mmoja wa Kihindu ambaye mkono wake wa kulia hautoki kwenye mfuko wa kitambaa, usiku kucha midomo inatembea. Nilipotaka kumwekea dripu alilia. Nami sikutaka kumuumiza. Nifanye nini akija mwingine kama yeye?
*Muuguzi, Kigoma*

Marahaba mwanangu, na Mungu akuzidishie kwa kuuliza. Wengi wangemvua mfuko tu.

Humo ndani kulikuwa na mala, na alichokililia ni mkono wa kulia. Sala hii haifanywi kwa kushoto. Kwa hiyo, mshipa ukiruhusu, kanula iwe mkono wa kushoto, na kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni nacho kiende kushoto. Hapo utakuwa umemwachia ibada yake yote bila kuharibu matibabu. Mshipa wa kushoto ukikataa, mweleze kabla hujamgusa, mpe dakika afike kwenye Meru.

Ukihitaji kuichukua, nawa, ipokee kwa mkono wa kulia au kwa yote miwili. Usiiweke sakafuni, wala miguuni pa kitanda, wala juu ya sahani ya chakula. Meza ya kichwani inafaa, ikiwa ndani ya mfuko wake. Kanthi ya shingoni usiikate kwa mkasi kwa haraka za kawaida. Kama ni eksirei ya kifua, muulize daktari kama inaweza kusogezwa tu. Kama ni lazima itoke, waite jamaa zake waitoe wenyewe.

Na kama mkono hauna nguvu ya kushika kitu, mkumbushe kuhesabu kwa vidole, huenda maumivu yamemsahaulisha. Tunaita karamala. Gumba la kulia linagusa pingili za vidole vya mkono ule ule: linaanza pingili ya katikati ya kidole cha pete, linashuka ya chini, linakwenda kidole cha mwisho chini, katikati, juu, linarudi juu ya kidole cha pete, juu ya kidole cha kati, juu ya kidole cha shahada, kisha linashuka katikati na chini yake. Hizo ni kumi. Pingili mbili zilizobaki za kidole cha kati hazihesabiwi, ndizo zinazosimama badala ya Meru. Akishindwa hata hilo, jina la moyoni lina heshima kubwa kuliko la kutamkwa. Sheria za kale za Manu zinasema hivyo waziwazi, kwamba japa inaishinda sadaka ya kanuni mara kumi, ya kunong'ona mara mia, na ya moyoni mara elfu. Mwambie hivyo kwa upole. Wengi watatulia.

Akienda chumba cha upasuaji, mala iandike kwenye orodha ya vitu vyake pamoja na pete na saa: mala moja ya mti, mfuko mmoja wa kitambaa. Mkabidhi jamaa aliye karibu, naye atie sahihi. Akirudi na fahamu, hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza kuulizwa, kabla ya maji.